Maoni ya Dereva wa Lori la Maziwa

Saa tisa na nusu usiku, barafu imeng'ang'ania vioo,
nawasha lori, nawasha joto, nawasha kitabu.
Miaka kumi na miwili, mashamba ishirini na moja,
kutoka Võru hadi mpaka wa kusini na kurudi.
Sikio halipiti kichwa, walinena;
langu limeshafika Argentina mara mbili.
Kwa hiyo niulizeni mimi. Msimwulize Maimu wa maktaba,
yeye huvisoma kwa macho, kakaa, ana chai.

Vya upelelezi, naam, ila msomaji asiwe mjanja.
Mjanja anamjua muuaji, na siri inamtoka:
tangu sura ya pili anampa adabu iliyozidi,
kikohozi kidogo.
Namkamata kabla sijafika kwa Leida Oja,
na kilomita sitini zilizobaki namsikiliza mpelelezi
akitapatapa kama kuku aliyefungwa mguu.

Mapenzi yasomwe na wanawake wazee.
Yupo kijana mmoja wa Tallinn, sauti ya asali,
huvuta pumzi kabla ya kila busu
hadi nikaona haya mbele ya ng'ombe.
Endel alikuwa ameshaunganisha bomba.
"Nani huyo anahema humo ndani?"
Wamenicheka hadi Pasaka.

Historia naipa kasi moja na nusu.
Wafalme warithiane na kufa mbiombio, kwangu ni walewale.
Ila tukifika kwenye treni za mwezi Machi
narudisha kasi ya kawaida.
Bibi alikuwa ndani ya mojawapo.

Vya kufanikiwa maishani nilisikia kimoja.
Kinasema: amka saa kumi na moja alfajiri.
Saa kumi na moja mimi nina lita elfu nne mgongoni.

Vya kutisha? Msituni, gizani, peke yangu?
Kulungu akiruka barabarani ananitosha.
Hivyo naviwekea mwezi Juni,
usiku unaposahau kuwa usiku.

Mashairi yanataka lami.
Kwenye changarawe mshororo unadondoka,
na mshororo uliodondoka ni kama jino,
ulimi hauachi kurudi pale.

Na mtu akiandika maisha yake, ayasome mwenyewe,
hata kama anapwaya, hata kama ana mafua.

Sasa nifike kwa Heldur Paju.
Alisoma vitabu saba vya Inspekta Raig,
akavisoma kama mtu mwenye kijiwe kiatuni.
Alifariki Novemba. Nilijua kwa kupata cha nane:
Raig yuleyule, koti lilelile, mkate mkavu uleule mfukoni,
koo la mtu mwingine.
Huyu mpya hana kosa. Herufi zake zimepigwa pasi.
Nilimpa mashamba manne,
kisha nikamwambia kwa sauti, ndani ya lori,
"Raig hasemi hivyo,"
nikamsomea yeye sentensi nzima jinsi inavyosemwa.

Nimerudi kwenye cha tano.
Sura ya kumi na nne mna kosa ambalo studio walisahau kukata.
Heldur anajikwaa kwenye neno, ananyamaza.
Maji yanamiminwa. Glasi inagusa meza.
"Samahani," anasema, si kwa Inspekta, si kwa muuaji,
"narudia."
Kisha: *Alifungua mlango, na hapakuwa na mtu.*

Maimu anadai nirudishe pesa, bidhaa ina kasoro.

Langoni kwa Oja mbwa ananijua, habweki tena.
Maziwa yanapanda bombani, yana joto bado.
Nina dakika saba kabla tangi halijajaa.
Navua glavu, nabonyeza kidole kwenye kioo baridi,
nyuma sekunde thelathini.

Maji yanamiminwa.
"Samahani. Narudia."